Mluzi Nyuma ya Kabati

Mimi ni fundi wa vyombo vya sauti, na nianze kwa kusema wazi kwamba kazi yangu naijua. Nasema hivyo mapema kwa sababu mkifika katikati ya habari hii mtaanza kuwa na shaka, na mtakuwa na haki. Amplifaya iliyoungua, spika iliyochanika, redio ambayo mwenyewe alishaikatia tamaa, vyote hupita mezani kwangu na vingi hutoka vikiimba. Kabla ya kufungua karakana nilizunguka miaka kumi na sita na vyombo vya kukodi, harusi hii, mkutano ule, nikisimama ubavuni mwa spika ndefu kuliko mimi. Wateja wananiita Fundi Radi, eti kwa sababu ya sauti yangu. Mama anasema mimi nikipiga simu hakuna haja ya simu.

Baba yangu ni mwalimu wa kwaya. Si kwaya ya kutajwa magazetini. Ni mchanganyiko wa waashi, wauguzi, makarani na dereva mmoja mstaafu, na wanakutana kila Jumamosi saa kumi katika ukumbi wa shule kwa mwaka wa thelathini na moja sasa. Wanamwita Mwalimu Uma, kwa kuwa mfukoni mwa shati lake hakukosi uma wa chuma wa kupimia sauti, ule wenye meno mawili. Ukiugonga gotini unatoa la, ile la ya do-re-mi, ile ile ya jana na ya juzi. Baba anapima nao dunia nzima. Mlango ukilia anakwambia umelia fa. Friji ya mama, kwa taarifa yake, ilikuwa inanguruma kwenye so, na ilipoletwa friji mpya alilalamika wiki nzima kwamba hii haijui iko wapi.

Alipotimiza miaka sabini na moja nilimfungia chombo cha muziki sebuleni. Kabla ya hapo alikuwa anasikiliza kwa simu, akiirusha sauti hewani hadi kwenye spika ndogo ya mezani, na kila siku akisema waimbaji wanasikika kama wamebanwa mlangoni. Nikasema, baba yangu mimi? Haiwezekani. Nikamletea kisanduku kinachovuta muziki kutoka mtandaoni. Nikamletea na kigeuzi, yaani kile kinachopokea tarakimu kutoka kwenye kisanduku na kuzirudisha kuwa sauti. Amplifaya niliifufua kwa mkono wangu mwenyewe, na spika mbili za mbao nilizipiga msasa hadi vidole vikafa ganzi.

Kisanduku na kigeuzi niliviunganisha kwa waya wa USB. Halafu, kwa vile mimi ni mtu wa kujionyesha, nikaweka pembeni yake na waya wa mwanga, ule ambao ndani hauna shaba bali uzi mwangavu, na tarakimu hupita humo kwa kumetameta kwa taa ndogo nyekundu. Nilitaka siku moja nikae na baba nimwonyeshe tofauti. Mbele ya kigeuzi kuna kitufe cha kuzungusha: kushoto kinasikiliza USB, kulia kinasikiliza mwanga. Nikakiacha kushoto. Wimbo wa kwanza ulipoanza baba alivua miwani akafuta macho, nami nilitembea na furaha ile mwezi mzima, nikimsimulia kila aliyekaa karibu.

Miezi mitatu baadaye, siku ya Alhamisi, baba akaja karakana. Hana kawaida hiyo. Anasema moshi wa risasi ya kuunganishia nyaya unamkausha koo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Una kazi nyingi?"

"Za kawaida. Karibu kiti. Kuna nini?"

Alikaa kwenye stuli, akaangalia mlango kama mtu aliyekuja kukopa. "Nataka kukwambia jambo. Ila mama yako asijue."

Kwa watu wa umri wake, jambo ambalo mama asijue huwa si dogo.

"Masikio yangu yanakwisha," alisema. "Kuna mluzi. Mwembamba, uko juu sana. Nikiwa nje siusikii. Nikilala siusikii. Lakini nikikaa sebuleni nikasikiliza kwa makini, upo. Nimemuuliza yule muuguzi wetu wa sauti ya pili, akaniambia kwa umri huu ndivyo yanavyoanza. Huja na kuondoka."

"Ulianza lini?"

"Nadhani ulikuwepo siku zote. Ila zamani sikuwa na chombo kizuri cha kunifanya nitulie nisikilize. Tangu ulipokifunga ndiyo nausikia."

Mtu mwenye akili zake angesimama hapo hapo. Mimi nilijisikia fahari kwamba chombo changu ni kizuri kiasi hicho.

"Au labda ni chombo chenyewe?" niliuliza, kwa adabu tu.

Baba alinishangaa kweli. "Chombo si umekifunga wewe?"

Nikamuuliza kwaya itakuwaje.

"Hilo ndilo lililonileta. Mwalimu anayesikia kitu kisichokuwepo atawaharibu watu. Kesho nitamshusha sauti mtoto wa watu anayeimba sawasawa, kwa ajili ya mluzi wangu mwenyewe. Jumamosi nitamkabidhi Besi, na kwaya nitaiandikia barua."

Besi ni msaidizi wake, mwashi mwenye kifua kipana na woga mwingi. Anaweza kutembea juu ya ukuta wa ghorofa ya sita bila kamba, lakini mweke mbele ya watu thelathini uone mikono inavyomtoka jasho. Nilipomfikiria baba nyumbani siku ya Jumamosi saa kumi, amekaa na uma wake mfukoni, na Besi kule ukumbini anahesabu mipigo huku anatetemeka, niliweka bisibisi chini.

"Usiandike chochote kwanza," nilimwambia. "Kesho nakuja kupima."

Ijumaa mchana nilifika mama akiwa ametoka. Nikainama nikaweka sikio kwenye spika kabisa, shavu likagusa kitambaa. Kimya. Nikahamia ya pili. Kimya.

"Hapa hakuna kitu, baba."

"Mimi nausikia hapa hapa nilipokaa."

"Ni sauti gani?"

Alifumba macho. "Ti. Iko juu ya kinanda, yaani funguo zimekwisha na yenyewe bado inapanda. Ni ti, lakini imepanda kidogo. Mwimbaji mwenye haraka ndivyo anavyoimba."

Nikaandika kwenye daftari langu la kazi: ti, imepanda kidogo. Niliandika kwa huruma, namna daktari anavyoandika maneno ya mgonjwa wa homa kali.

Kisha nikamweleza nitakachofanya, maana mzee hapendi kupimwa gizani. Waya wa USB ni wa shaba, nikamwambia. Tarakimu za muziki zinapita humo salama, lakini shaba haichagui abiria. Umeme mchafu wa kisanduku na adapta yake nao unapanda humo humo, unaingia kwenye kigeuzi, na ukifika kwenye spika unakuwa mvumo au mluzi. Waya wa mwanga hauna shaba, na umeme hauna pa kushika. Kwa hiyo kama mluzi ni wa chombo, nikigeuza kitufe kwenda kwenye mwanga, utakufa. Ukibaki, basi si wa chombo.

"Hiyo ni haki," baba alisema, akageuza kiti akaangalia ukuta.

Nikaweka wimbo wa taratibu, sauti chini. Nikawa nageuza kitufe bila kumwambia, mara kushoto, mara kulia, mara nakiacha kilipo, na kila mara namuuliza.

"Upo," alisema.

"Sasa?"

"Upo."

"Sasa je?"

"Upo, mwanangu."

Mara kumi. Mara ya kumi alisema "upo" kwa sauti ya chini sana, na hakugeuka.

Sasa, kuna swali ambalo huwa namuuliza kila mteja anayenipigia simu, wakati mwingine hata kabla ya salamu: umezima ukawasha? Siku hiyo mimi sikuzima. Naweza kusema kisanduku kile kikizimwa kinachukua dakika tano kuamka na kuutafuta mtandao, na simu yangu ilikuwa inaishiwa chaji, nilikuwa nahangaika na waya niliouokota jikoni. Hizo ni porojo. Sikuzima kwa sababu nilikuwa nimeshaamua. Kazi ni yangu, sikio langu halikusikia kitu, na mzee ana miaka sabini na moja.

"Baba," nilisema, "ni masikio."

Alitikisa kichwa. "Bora umenipima wewe kuliko mtu baki."

Nilirudi kwangu nikapika na sikula. Nilikuwa na huzuni ya kweli kweli, na ndani ya huzuni hiyo, nakiri, kulikuwa na kapunje ka raha kwamba chombo changu hakina kosa.

Jumamosi saa nne asubuhi nilirudi, maana nilimwahidi kumpeleka ukumbini jioni. Nilimkuta kwenye meza ya sebuleni na karatasi. Muziki ulikuwa unapiga polepole, kitufe kikiwa bado kulia nilikokiacha jana. Juu ya karatasi aliandika "Ndugu wanakwaya" kwa mwandiko wake wa kialimu, kila herufi imenyooka, akakaa muda mrefu akiangalia maneno hayo mawili. Nikajimiminia chai nikakaa naye. Kila alipomaliza sentensi alikuwa anaitazama spika, anakunja uso kidogo, anarudi kwenye karatasi.

Mama alikuwa jikoni anagombana na simu. Chaji imekwisha, alitaka kuzungumza na dada yake, na waya wa simu hauonekani.

"Nani kachukua waya wangu?" alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mimi sijauona, mama," nilisema.

"Mwalimu?"

"Mimi na waya wapi na wapi, bibie."

"Nyumba ina fundi, halafu waya wa simu hakuna. Nitautafuta mwenyewe." Akapita mbele yetu, akazunguka nyuma ya kabati la chombo.

"Mama, usiguse huko!"

"Kwani nagusa? Naangalia tu."

Kuangalia kwa mama kunasikika. Kitu kilikwaruza, kitu kikaanguka, akapiga chafya kwa vumbi. Kisha akatokea ameshika waya mrefu mweusi, ameuinua juu kwa ushindi.

"Huu hapa! Ila mdomo wa upande huu mbona mraba?"

Ulikuwa waya wangu wa USB, ameung'oa kotekote. Niliruka juu na chai ikamwagika. Nilikuwa na maneno tayari, tena makali, lakini kabla sijafungua mdomo baba akaweka kalamu chini.

"Umekwisha," alisema.

"Nini kimekwisha? Muziki si huo unapiga?" Mama akamshangaa.

"Mluzi." Alikuwa amenyoosha shingo, mkono mmoja hewani, vile anavyosimama mbele ya kwaya kabla hawajaanza. "Mluzi umekwisha."

Nilibaki nimesimama na kikombe kitupu. Hasira ilikuwa bado mdomoni, lakini kichwa kilishaanza kutembea, na kila kilipopita kilikuta aibu. Jana nilikuwa nimegeuza kitufe, basi. Waya sikuuchomoa. Kitufe kinachagua muziki usikilizwe kutoka wapi. Lakini waya wa shaba ulikuwa bado umekishika kisanduku na kigeuzi mkono kwa mkono, na umeme mchafu hauulizi kitufe kiko upande gani. Nilifunga mlango wa mbele kwa mbwembwe zote nikaacha wa uani wazi, kisha nikamwambia baba yangu mwizi yuko kichwani mwake.

"Mama, urudishe."

"Nirudishe tena? Na simu yangu?"

"Urudishe pale ulipoutoa!"

"Usinipigie kelele. Mimi si mteja wako."

"Samahani, mama. Tafadhali. Urudishe."

Akarudi nyuma ya kabati akilalamika. Nikamsikia anapapasa, tundu la kwanza, tundu la pili.

"Upo," baba alisema.

"Utoe, mama."

"Haupo."

Hapo nikaamka fundi. Nikamgeuza baba akaangalia ukuta kama jana. Mama nikamwambia achomeke na kuchomoa anavyotaka yeye, asiseme kitu, na mimi nikakaa mahali ambapo simwoni. Tukafanya mara kumi. Mama hapendi kushindwa. Mara ya nne na ya tano alikwaruza waya kwenye kabati, akajifanya anachomeka wala hakuchomeka, na zote mbili baba akamkamata. Kumi kwa kumi.

Nikatoa simu, nikafungua ile programu inayochora sauti, nikaisogeza karibu na spika. Waya ukiwa umeingia, mstari mmoja mwembamba ulisimama peke yake kulia kabisa kwa kioo: mitetemo elfu nane kwa sekunde. Waya ukitoka, mstari unalala. Nikafungua daftari. Kwenye jalada la ndani nimebandika jedwali la sauti zote na mitetemo yake, nililibandika siku nilipofungua karakana. Ti ya juu kabisa, ile ambayo kinanda hakifiki, ni elfu saba mia tisa na mbili. Elfu nane ni ti iliyopanda kidogo.

Waya kama ule unapeleka tarakimu zake kwa mafungu, mafungu elfu nane kila sekunde, na kila fungu likipita umeme unashtuka. Hilo nililijua, nilishalisoma, hata mtihani nililifanyia. Baba alilipima akiwa kwenye kiti, macho yamefumbwa, na mimi nikaliandika kama neno la mgonjwa.

"Kwa hiyo masikio..." baba alianza.

"Masikio yako mazima, baba. Mazima kuliko mashine zangu zote. Kosa ni langu. Waya wangu, na kupima kwangu."

Alitoa uma mfukoni, akaugonga gotini, akausikiliza hadi ukanyamaza kabisa, kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu cha mtu aliyebeba mzigo na sasa ameutua, na machozi yalikuwemo, na mimi nikacheka naye.

Mama alitoka nyuma ya kabati, nywele zimejaa vumbi. "Kwani mlikuwa mnatafuta ule mluzi? Ule wa siku zote?"

Tukamgeukia wote wawili.

"Unausikia?" niliuliza.

"Nani asiyeusikia? Mimi nilidhani ndivyo vitu vya mtandao vinavyolia. Mliniuliza?"

Nikaangalia ndani ya kikombe changu ambacho hakikuwa na kitu. Mara kumi mama amechomeka na kuchomoa, mara kumi baba amejibu, na muda wote huo mimi nilikuwa nasikia kitu kimoja tu, wimbo wa taratibu. Hawakuniona nilivyobadilika uso, au hivyo nilidhani.

Niliukunja ule waya wa USB niutupe mkobani. Ndani ya mkoba, chini ya bisibisi, nikakuta waya mweusi wa simu. Wa mama. Ule niliouokota jikoni jana. Nikaenda nikauweka nyuma ya birika, nikatoka bila kusema neno, na hadi leo mama anaamini aliusahau pale mwenyewe.

"Na hiyo barua ni ya nani?" mama alimuuliza baba.

"Ya watu wa kwaya. Imepitwa na wakati." Akaikunja mara nne, akainama, akaiingiza chini ya mguu wa kabati uliokuwa unacheza tangu siku niliyolifunga. Kabati likatulia.

Saa kumi nilikaa kwenye kiti cha nyuma ukumbini. Niliwahi kukaa pale mara nyingi nikisubiri kumrudisha baba nyumbani, nikichezea simu. Siku hiyo nilisikiliza. Besi aliimba kwa raha zake, kifua mbele, bila kujua jiwe lililompita pembeni ya kichwa. Katikati ya wimbo wa pili baba akanyanyua kidole, wote wakanyamaza.

"Kuna mtu anamalizia neno na mluzi kidogo. Ile herufi ya mwisho anaivuta peke yake."

Waimbaji wakaguna kukubali. Mama mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono, akacheka, akasema ni jino lake jipya. Wote walikuwa wameusikia. Miaka yote nilikuwa najua baba akifanya hivyo anajitia tu ualimu, anabahatisha ili watu wawe macho. Nilikaa pale mikono mapajani, nikihesabu spika ndefu nilizosimama ubavuni mwake, usiku na mchana, bila hata kipande cha pamba sikioni, nikiwacheka walioziba.

Tulirudi kwa miguu, jua likiwa bado lipo, yeye ameshika mfuko wa karatasi za nyimbo na mimi nimeshika mkono wake. Tulipopita kona ya duka la viatu nikapiga moyo konde.

"Baba. Ule mluzi mimi sikuusikia. Hata leo."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Jana ulipoweka sikio kwenye spika ukasema hakuna kitu, nilisema moyoni, kama fundi mwenyewe hausikii, basi haupo. Leo mama yako alipouchomoa nikajua upo. Nikajua na hilo la pili papo hapo." Alitembea hatua kadhaa. "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Nilitaka kusema kitu cha mzaha, ndiyo kawaida yangu, lakini sauti haikutoka. Mtu ambaye kila siku anaambiwa apunguze sauti, safari hii hakuwa nayo. Niliogopa, nasema kweli. Sikio ndiyo kazi yangu yote.

Baba alisimama. Akatoa uma, akaugonga gotini pale pale barabarani, watu wanapita, akauweka karibu na sikio langu la kushoto.

"Unasikia?"

"Nasikia."

Akahamia la kulia. "Na huku?"

"Nasikia. Safi."

"Nyimbo zote tunazoimba ziko hapo na kwa majirani wa hapo." Akaurudisha uma mfukoni, akanishika tena mkono. "Huko juu nitakusikilizia mimi."

Nililia hadi tukafika nyumbani, na sikuona haya.

Nimekwenda kwa daktari wa masikio. Alinichorea mstari kwenye karatasi. Unakwenda vizuri, unakwenda vizuri, halafu mahali pa ule mluzi unaanguka. Hautapanda tena, alisema, lakini nikiyatunza hautaanguka zaidi. Sasa nikienda penye spika kubwa navaa vizibo, na vijana wa vyombo wakicheka nawanunulia na wao. Mama anasema simu zangu bado zinasikika kwa jirani.

Na kila Jumanne baba anakuja karakana. Moshi umeacha kumkausha koo, sijui umefanyaje. Ana kiti chake karibu na dirisha, na chombo hakitoki mlangoni kabla yeye hajakisikiliza. Jumanne iliyopita nilimaliza amplifaya ya mteja mmoja, nimeifanyia kazi siku nne, mashine zote zimesema ni safi, mwenyewe amekuja kuichukua na haraka zake. Akaniuliza mzee yule ni nani. Nikamjibu, kwa sauti ambayo baba anadai ilifika barabarani, kwamba yule ndiye masikio ya karakana hii.

Baba akanyanyua kidole, tukanyamaza wote. Akafumba macho.

"Upo," alisema. "Mdogo sana. Upande wa kushoto."

Mteja alinitazama. Mimi nilikuwa nasikia kimya kitupu. Nikazima, nikachukua bisibisi.